Farasi Aliyefundishwa Kiu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa mahali ambapo haupo. Nilizaliwa Kulamawe, kwa watu wa ngamia, na kwetu mwanamume akiulizwa kama anaogopa hutema mate pembeni, basi, jibu limetoka. Nami nilijifunza kutema mate vizuri, ila magoti hayakujifunza kitu. Naogopa tembo, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla jua halijachomoza. Na miaka michache baada ya serikali za kaunti kuanza, nilimwogopa farasi mmoja jike kuliko hivyo vyote. Halafu, nilipomzoea, nikaanza kuogopa asife. Hofu hiyo ya pili ndiyo iliyokaribia kumwua.

Mwenye farasi alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, mama Mmeru aliyebakiza mwaka mmoja na kitu kustaafu. Tulijuana kwenye chanjo za ngamia: yeye akidunga sindano, mimi nikitafsiri matusi ya wenye ngamia yawe maneno ya heshima. Shamba moja la huko juu, upande wa baridi, lilikuwa likifungwa, wakampa farasi mwekundu ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu alikuwa amekaa miaka bila kazi. Daktari akamleta kwenye ploti yake nje ya mji wa Isiolo, akajenga banda la mabati na uzio wa miti, akatangaza kwamba kabla ya kustaafu ataenda Kulamawe kwa farasi, siku tatu njiani. Barabara ile alikuwa ameipita kwa gari maisha yake yote ya kazi, na alisema hajawahi kuiona, kwa sababu ya vumbi.

Alihitaji mtu wa kumtunza huyo farasi na kumjenga mwili kwa safari. Akaniangalia mimi.

"Wewe si Borana? Borana na farasi si ni kitu moja?"

Nikasema ndiyo, ni kitu kimoja. Babu zetu walikuwa na farasi, hilo ni kweli, na wazee bado wanawaimba. Lakini mimi farasi nilikuwa nimemwona kwenye kalenda. Ningesema hivyo, kazi ingekwenda kwa mwingine, na zaidi ya kazi ningeonekana Borana nusu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa daktari, na kwa vile ulipita bila taabu, wa pili haukuhitaji kubembelezwa.

Wiki ya kwanza sikuingia bandani bila kuimba. Daktari alikuwa ameniambia farasi hapendi kushtushwa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa najiimbia mwenyewe. Ngamia akitaka kukuuma hutangaza, anapiga kelele na kutoa povu mpaka majirani wanajua. Huyu alitangaza kwa masikio tu, na mimi niliyatazama masikio yale kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alinikanyaga mara mbili. Mara moja aliniuma begani, polepole, karibu kwa adabu. Nilikuwa nimepanga chumba Bulla Pesa, mtaa wa mjini, na majirani wa ploti wakasema eti nimeoa kisirisiri, maana kila jioni narudi na alama mpya.

Mpango wote ulikuwa kwenye daftari la shule lililoning'inia kwa kamba kwenye nguzo ya banda, kwa mwandiko wa daktari. Mwezi wa kwanza ni kutembea tu, siku moja kazi, siku moja mapumziko. Kisha mchakamchaka kidogo kwenye tambarare, kutembea tena, mchakamchaka tena. Umbali unaongezwa kidogo kidogo, na wiki unayoongeza umbali huongezi kasi. Baada ya kazi unashuka, unaweka vidole viwili chini ya taya lake, unatafuta mshipa unaopiga, unahesabu kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Baada ya dakika kumi unapima tena. Mapigo yakishuka haraka, mwili unajengeka. Yakikataa kushuka, umemharakisha, na kesho yake hamwendi popote.

"Sikiza," daktari aliniambia, kidole kikiwa kwenye daftari. "Moyo inapata nguvu haraka, wiki chache tu. Nyama inachukua miezi. Mifupa na kano ndio za mwisho, karibu mwaka mzima. Kwa hivyo hii farasi itakudanganya. Itakuambia iko tayari, na miguu bado."

Halafu akanionyesha jambo moja ambalo alisema linapita hayo yote. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakibandika sikio langu kwenye ubavu wa farasi. Nilifumba macho nikingoja teke. Badala yake nikasikia ngurumo ndani mle, na mabubujiko, na kitu kama mawe yanayoviringika mbali.

"Tumbo ya farasi haikai kimya," alisema. "Siku utasikia kimya, unanipigia simu hapo hapo. Na maji usimpimie. Maji ikae hapo saa zote. Akitaka anakunywa, asipotaka anaacha."

Nikaitikia. Nilisikia kila neno, na siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Njia zetu za mazoezi zilikuwa njia za ng'ombe, zile zinazojipinda kati ya migunga bila haraka ya kufika. Asubuhi moja, mwezi wa tatu wa kazi, farasi alisimama ghafla, masikio mbele. Mimi sikuona kitu. Nikamgusa kwa visigino, akakataa. Kisha nikaona kwamba kile nilichodhani ni kichaka kina sikio, na sikio linapepea. Alikuwa tembo jike, na mtoto wake yuko upande wetu, mahali pabaya kuliko pote. Kupitia miguu yangu niliusikia moyo wa farasi ukigonga chini ya tandiko, na wangu ukigonga vilevile, na hakuna kati yetu aliyejua la kufanya. Farasi ndiye aliyeanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua nyingine, bila kugeuka, mpaka miti ikatuficha. Hapo akageuka na tukakimbia kwa mwendo ambao haukuwamo kwenye daftari.

Tulipofika bandani nilimwekea vidole chini ya taya nikashindwa kuhesabu. Nikamkumbatia shingo nikalia, mtu mzima mwenye ndevu. Daktari alikuwa amempa jina la Kizungu, lakini mimi tangu siku ile nilimwita Farda, ambalo kwa Kiborana ni farasi tu, basi. Tulikuwa waoga wawili na tulijuana.

Nilipoanza kumpenda ndipo nilipoanza kuifikiria ile safari. Kabla ya hapo ilikuwa ndoto ya daktari, mimi yanihusu nini. Sasa nilikuwa nikilala nikiiona njia nzima, jiwe kwa jiwe, na kila mahali nilipoiona ilikuwa kavu.

Nilipokuwa mdogo, mwaka wa ukame, nilifuatana na mama yangu kutoka kisimani, yeye na mimi na punda aliyebeba mitungi minne. Mahali fulani katikati ya njia punda alipiga magoti na hakuinuka. Maji yalikuwa mgongoni mwake. Mama hakumpa, kwa sababu yalikuwa ya watu, na watoto nyumbani walikuwa wanangoja. Alifungua kamba, tukabeba tulichoweza, tukamwacha pale na macho yake wazi. Sikulia, kwa kuwa nilishafundishwa kutolia. Lakini kila nilipomtazama Farda akinywa, ndoo nzima kwa pumzi moja na nyingine juu yake, nilimwona yule punda. Mnyama anayekunywa hivi, nikajiambia, atafika nusu ya njia na kupiga magoti.

Daktari alisema gari litabeba maji. Magari nayajua mimi. Nimeyaona yamelala kando ya barabara ile siku nne yakingoja kipuri kutoka mjini. Bwawa la njiani nalo lilikuwa limekauka mwaka huo, limebaki matope yenye nyayo za fisi. Nilitaka kumwambia daktari kwamba naogopa, lakini mdomo ulikataa. Borana gani huyo anayeogopa kiu?

Na hapo nikamkumbuka baba yangu. Baba alikuwa na sifa Kulamawe nzima kwa ngamia wake. Alikuwa akiondoka nao kwenda malisho ya mbali, siku kumi, siku kumi na mbili bila tone la maji, na kurudi nao wote wakiwa hai. Wanyama wa wengine walianguka, wake hawakuanguka. Sisi watoto tulimwona akiwazoesha, tulivyodhani: leo wanakunywa, kisha siku tatu hawanywi, kisha tano, kisha saba, mpaka kiu inakuwa tabia yao. Uso wake haukubadilika hata mara moja. Ndivyo mnyama anavyojengwa, niliwaza. Daktari alisoma vitabu vya mahali ambapo mvua hunyesha. Mambo ya moyo na mifupa ameyaandika vizuri, lakini kiu ameisahau, na kiu naijua mimi kwa damu.

Daktari alipokwenda Embu kwa semina ya siku kumi, nikaanza somo langu.

Siku ya kwanza niliondoa maji ya mchana tu. Nilimwaga birika lake la kunywea nikaligeuza juu chini ili asilitazame. Siku ya tatu nikaondoa ya asubuhi. Nilimpa ndoo moja jioni, kisha nusu ndoo. Chumvi kwenye chakula chake niliendelea kuitia, maana daftari lilisema chumvi, na ngamia nao hupewa chumvi, kwa hiyo hapo vitabu na damu vilikubaliana. Mazoezi hatukuyakosa. Alikuwa akinifuata uani akinisukuma mgongoni kwa pua, na mimi nikimwambia, vumilia Farda, ni kwa faida yako. Siku ya tisa nilimnyima kabisa. Alisimama mbele ya birika lililopinduliwa mchana kutwa. Mimi nilikaa nje ya uzio nikimtazama, nikaona ninafanya jambo la kiume.

Daktari alikuwa akipiga simu kila jioni. Amekula? Amekula. Mapigo? Nikamsomea. Amekunywa? Amekunywa, daktari. Ile nusu ndoo ilinipa ruhusa ya kusema hivyo. Siku ya tisa nilisema hivyo hivyo bila hata nusu ndoo.

Siku ya kumi asubuhi sikumkuta mlangoni. Alikuwa amesimama nyuma ya banda, majani hajayagusa, akijitazama ubavuni kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko. Akakwangua ardhi kwa kwato. Akalala, akainuka, akalala tena. Mdomo wa juu ulikuwa umekunjuka na meno yako wazi. Nilimgusa ufizi, ulikuwa mkavu kama ubao. Chini palikuwa na vidonge vichache vya mavi, vidogo na vigumu, vinang'aa kwa ute.

Nikambandika sikio ubavuni. Nilisikia damu yangu mwenyewe ikipiga. Nikahamia upande wa pili, nikabana pumzi. Ndani ya mnyama yule mkubwa hakukuwa na sauti yoyote.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini hofu ile ilikuwa ya namna nyingine. Ile ya tembo ilikuwa inanisukuma nikimbie. Hii ilinishika mahali nilipo, kwa sababu aliyefanya jambo lile alikuwa mimi, na popote nikikimbilia nafika naye.

Nikampigia daktari. Ilikuwa saa nne. Nikamweleza kulala, kuinuka, kimya. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Maji amekuwa akikunywa vizuri hizi siku zote?"

Pale palikuwa na nafasi. Naikumbuka, ilikuwa na upana wa pumzi moja, na ningeweza kupita. Nikaona kazi yangu ikienda, nikaona polisi, nikaona watu wa Kulamawe wakicheka kwamba yule kijana wa mwenye ngamia ameua farasi wa serikali, ingawa hakuwa wa serikali.

"Ndio, daktari. Anakunywa sana."

"Basi itakuwa hewa tu. Msokoto wa tumbo ya hewa. Fungua sanduku la dawa, kuna ile sindano ya kutuliza uchungu, unajua kudunga. Halafu mtembeze polepole, asilale kubingirika. Unipigie kila saa. Nitaomba ruhusa nitoke jioni."

Daktari mwenzake aliyebaki Isiolo alikuwa Biliqo, kijiji cha mbali, kwenye chanjo, na huko simu hushika inapotaka. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Farda, na ule uongo katikati yetu.

Nilimdunga sindano. Kidole changu nilikichoma kwanza. Nikamtembeza kuzunguka uzio, na kwa nusu saa akaonekana afadhali. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaahidi mambo mengi. Kisha jasho likamtoka shingoni, jasho baridi juani, na magoti ya mbele yakaanza kulegea. Nilivuta kamba. Nikamsihi kwa Kiborana, kwa Kiswahili, hata kwa Kimeru kidogo ninachojua, nikidhani labda ataelewa lugha ya mwenye mali. Tulizunguka. Kila tulipopita kwenye birika lile lililopinduliwa nililitazama kando, kama mtu anayepita mbele ya duka ambalo amewahi kuiba.

Saa saba kasoro akaanguka, kifua kwanza. Nikakimbia kwenye bomba, nikajaza ndoo, nikaileta nikiimwaga nusu njiani, nikaiweka chini ya pua yake. Kunywa, nikamwambia. Kunywa yote, nitaleta nyingine, nitaleta tangi zima. Aliingiza midomo, akapuliza mara moja, akaitoa. Hakunywa. Akanitazama kwa jicho lile, na lilikuwa jicho la punda.

Nilipiga simu nikiwa nimepiga magoti kwenye mavumbi.

"Daktari, nimekudanganya. Sikumpa maji."

Nilisikia watu wa semina wakiongea nyuma yake, na kijiko kikigonga kikombe.

"Siku ngapi?"

"Nilianza siku uliondoka. Nilikuwa namfunza kiu."

"Ulikuwa nini?"

Nikarudia. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Muinue," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Sijui utafanya aje, lakini muinue asimame. Natoka sasa hivi."

Kutoka Embu ni mwendo wa saa tatu. Nilimwinua kwa kumvuta mkia, kwa kumsukuma bega, kwa kupiga mabati nyuma yake mpaka akashtuka na kusimama. Tukatembea. Kila alipotaka kulala nilipiga mabati. Sikunywa maji mwenyewe saa zote hizo. Ilinijia kwamba nina kiu, midomo imepasuka, na bomba liko pale, nikaona aibu kulifungua.

Daktari alifika karibu saa kumi, nguo zake nzuri za semina zimejaa vumbi. Hakuniangalia. Alisikiliza tumbo pande zote, akabana ngozi ya bega na kuitazama ikibaki imesimama, kisha akaanza kazi. Alipitisha mpira mrefu kwenye tundu la pua ya farasi mpaka tumboni, akanipa faneli niishike juu, akamimina maji ya vuguvugu, chupa nzima ya mafuta ya kulainisha tumbo, na maji tena. Mikono yangu ilikufa ganzi. Sikuthubutu kuishusha.

"Ungeniambia saa nne," alisema bila kugeuka, "ningekuwa hapa saa saba. Kumnyima maji ni ujinga, na ujinga naweza tibu. Lakini hizo saa tatu, kijana yangu, hizo ulimnyima ukijua."

Niliinua faneli juu zaidi.

Tukangoja. Jua lilikuwa linashuka na joto linapungua. Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vyake kando. Kila baada ya muda nilienda kubandika sikio. Kimya. Nikarudi. Kimya. Nilikuwa naogopa kuuliza na kuogopa kutouliza. Nilipokwenda mara ya sita au ya saba nilisikia kitu chembamba, mbali sana, kama maji yanayopita chini ya mlango. Nikaita daktari, sauti ikanitoka kama ya mtoto. Akaja na kifaa chake, akasikiliza muda mrefu.

"Iko," akasema.

Jua lilikuwa halijazama Farda alipoinua mkia. Nilikimbia kuyapokea mavi yale kwa mikono miwili, wallahi, yakiwa na mafuta na moto, nikaenda kumwonyesha daktari kama mtu aliyeleta zawadi. Alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono yake, na nikaona mabega yake yakitikisika. Nikajua kwamba naye alikuwa akiogopa siku nzima.

Hakunifukuza. Alitaka kujua sababu tu, nami nikamweleza habari ya punda. Akasema, "Hiyo ndio ungeniambia. Tungetafuta njia." Tukaanza daftari upya, ukurasa wa kwanza, kutembea tu. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Kila jioni aliniuliza kama farasi amekunywa, nami nikajibu, naye akaenda mwenyewe kwenye birika, akachovya kidole, akapima kwa alama aliyoichora kwa makaa ukutani mwa birika. Miezi saba nilimtazama akichovya kidole kile.

Tulikwenda Kulamawe baada ya mvua, daktari akiwa juu ya Farda, mimi mbele kwa pikipiki yenye mitungi minne ya maji pande zote mbili. Gari la rafiki yake lilifuata na mengine. Tuliondoka alfajiri kila siku na kupumzika wakati wa jua kali. Nilitangulia, nikasimama, nikajaza ndoo, nikawangoja, na kila nilipowaona wanatokea kwenye vumbi nilihesabu miguu ya farasi kuhakikisha yote minne inakanyaga sawa. Mahali alipoangukia punda nilipajua. Nilisimamisha pikipiki pale ingawa hapakuwa zamu ya maji, nikaweka ndoo mbili. Farda alikunywa moja na nusu. Siku tatu zote tumbo langu lilikuwa na baridi, na siku tatu zote lake lilinguruma.

Tuliingia Kulamawe alasiri. Watoto wa shule walitukimbilia, kisha wakatukimbia. Baba alikuja akitembea polepole na fimbo yake, akamsalimu daktari, "Salaam aleikum, mama," naye akajibu, "Habari yako, mzee," akaketishwa mlangoni mwa nyumba yetu kwa chai. Baba alibaki nami. Alimzunguka farasi, akamgusa mguu, akamtazama akimaliza ndoo ya kwanza, ya pili, akaanza ya tatu.

"Anakunywa kama mtoto mchanga," alisema kwa Kiborana.

Nilijua asingecheka, kwa hiyo nikamwambia yote. Jinsi nilivyomfundisha kiu kama yeye alivyowafundisha ngamia, siku tatu, siku tano, siku saba, na jinsi nilivyokaribia kumwua. Nilingoja ateme mate pembeni.

"Nani alikuambia nilikuwa nafundisha?" aliuliza.

Nikaishika ndoo ya tatu isipinduke.

"Maji hayakuwepo," baba alisema. "Ya karibu yalikauka, ya mbali yalikuwa na wenyewe. Ningekuwa na maji ngamia wangu wangekunywa kila siku mpaka wachoke. Nilikuwa natembea nyuma yao nikihesabu, nani amelegea, nani hajakojoa. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Siku zote kumi nilikuwa naogopa."

Akaegemeza fimbo kwenye uzio, akauinua mtungi mwenyewe, akaanza kumimina.

"Amekunywa?" daktari akaita kutoka mlangoni.

"Bado, daktari," nikasema. "Bado anakunywa."

Hakuinuka kuja kuangalia.